Somo: pakeji ya Mac imewekwa kwa mkono au imesukumwa na mfumo?

Wakuu habari za mchana. Juzi nimeaibika. Nina pakeji (faili la .pkg la kuwekea programu) ambayo postinstall yake, yaani skripti inayoendeshwa baada ya kuweka, inafungua dirisha la kumkaribisha mtu, iko poa tu mtu akiiweka mwenyewe, sasa mimi nikaisukuma kwa Munki (mfumo wa kusambaza programu kwenye Mac za ofisi) nikiwa nimeiwashia unattended_install, yaani ijiweke bila kumuuliza mtu, saa nne asubuhi, mhasibu yuko kwenye projekta mbele ya mabosi, dirisha hilo likamrukia juu ya hesabu zake. Simu niliyopigiwa siisimulii hapa.

Dawa ni skripti ijue yenyewe imeitwa kwa njia gani, na mtu au na mfumo. Usiamini maneno yangu, jaribu kwanza. Tengeneza folda inaitwa skripti, ndani weka faili la postinstall lenye hivi:

#!/bin/sh
env | sort > /var/tmp/hali-$$.txt
exit 0

Lipige chmod +x ili liweze kuendeshwa (hii imewahi kunila mchana mzima), halafu:

pkgbuild --nopayload --scripts skripti --identifier tz.jaribio --version 1 jaribio.pkg

Iweke mara moja kwa kubonyeza mara mbili, kisha irudie Terminal kwa sudo installer -pkg jaribio.pkg -target / halafu linganisha mafaili mawili kwa diff. La pili litakuwa na COMMAND_LINE_INSTALL=1, la kwanza halina. Basi, ndo mchezo wenyewe. Munki na Jamf (mfumo mwingine wa aina hiyo) zote zinaita hiyo hiyo /usr/sbin/installer, kwa hiyo kwenye skripti ya kweli unaandika:

if [ "$COMMAND_LINE_INSTALL" = "1" ]; then exit 0; fi

na dirisha unaliweka chini ya hapo. Ila uwe na exit 0, ukirudisha namba nyingine mfumo unahesabu pakeji imefeli.

MASWALI

Mkuu, na mimi nikiandika sudo installer kwa mkono si itaniona kama Munki?
– Itakuona hivyo hivyo. Hapo chungulia $1, ndo njia ya pakeji yenyewe. Ya Munki kwa kawaida inatokea /Library/Managed Installs/Cache, ya mtu mara nyingi iko Downloads.

Kwa nini usiangalie tu $PPID (namba ya mchakato ulioizaa skripti) kaka, si rahisi zaidi?
– Nilianza na hiyo. Inakuletea package_script_service, huduma ya macOS ya kuendesha skripti za pakeji, kila mara, hata aliyebonyeza awe nani, maana skripti haizaliwi na Installer moja kwa moja.

Pakeji iliyowekwa mwaka jana je?
– Soma risiti yake, yaani kumbukumbu ambayo Mac inaiweka pakeji ikishawekwa: plutil -p /var/db/receipts/jina.la.pakeji.plist, tafuta InstallProcessName. Installer yenye I kubwa ni mtu kwenye dirisha, installer ya i ndogo ni amri.

Nimefuata somo lako hatua kwa hatua na risiti ya tz.jaribio siioni.
– Hutaiona dada, --nopayload haiachi risiti. Tia hata faili moja ndani, tumia --root na folda ya faili hilo badala ya --nopayload.