Kunyoa ndevu bila kuota vipele

Vipele vya kidevuni na shingoni si chunusi wala uchafu. Ni ndevu zenyewe zilizorudi ndani ya ngozi.

Kila unywele huota ndani ya kifuko chembamba kilichozama kwenye ngozi ya ndani. Kwa mwenye nywele za kipilipili kifuko hicho kimepinda, hivyo unywele hutoka umelala na kuendelea kujikunja. Wembe huukata mshazari na kuuachia ncha kali. Ukirefuka kidogo, ncha hiyo hupinda na kuchoma ngozi milimita moja au mbili kutoka ulipotokea. Kama ulivuta ngozi wakati wa kunyoa, mambo huwa mabaya zaidi: unywele uliokatwa huzama chini ya ngozi, kisha hutoboa ukuta wa kifuko kabla haujatoka nje. Mwili huupiga vita kama mwiba. Panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha, na mwisho hubaki doa jeusi.

Kwa hiyo usitafute kidevu kinachong'aa. Acha ndevu za milimita 1 hivi.

Ukiwa na vipele tayari, pumzika kunyoa wiki 3 hadi 4. Wiki ya kwanza vinaweza kuzidi, usikate tamaa. Ndevu zikikaribia sentimita 1 nyingi hujichomoa zenyewe. Kazini wakikubana, punguza kwa mashine yenye kichana kinachoacha milimita 1 au 1.5.

Siku ukitaka kunyoa kwa wembe badala ya mashine, osha uso, kisha weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 ili nywele zilainike. Halafu pitisha vidole shingoni taratibu. Upande usiokwaruza ndio mwelekeo wa nywele, na wengi hushangaa: chini ya taya huenda zinaelekea juu, na karibu na koo zikalala pembeni. Nyoa kufuata mwelekeo huo, sehemu kwa sehemu. Paka povu, lisubiri dakika 2. Tumia wembe mpya wa makali moja, kwa sababu zile zenye makali matatu au matano huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi. Usivute ngozi, usikandamize, usirudie palepale. Suuza wembe kila mara. Malizia kwa maji baridi na losheni isiyo na manukato.

Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi, safisha sindano kwa spiriti, iingize chini ya kitanzi na uinue ncha itoke. Basi. Usiung'oe: utakaoota baada yake utaanzia chini kabisa, na unaweza kutoboa kifuko njiani.

Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako. Damu kidogo tu yatosha kuambukiza homa ya ini ya B. Kisogoni mwambie asikwangue kabisa, maana vipele vya hapo hugeuka makovu magumu yanayopoteza nywele moja kwa moja.

Madoa meusi usiyapake mkorogo. Krimu nyingi za aina hiyo zina zebaki au steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), na steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba. Jeli ya adapalini, dawa ya chunusi ya kupaka, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, husaidia vipele na madoa kwa wiki 8 hadi 12. Kovu likianza kuvimba na kukua kupita kipele chenyewe, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwani sindano ya dawa hulipunguza vizuri likiwa bado dogo.