Jinsi ya kuondoa matangazo na makorokoro kwenye Windows 11

Wakuu, kama laptopu yako ina Windows 11 ushaona mwenyewe, unabonyeza Start utafute Word unakutana na apu ambayo hujawahi kuiomba, unawasha mashine asubuhi inakuja skrini nzima kukuuliza kama unataka Microsoft 365. Mashine umenunua kwa hela yako, matangazo ya nini tena? Mengi yanazimika humohumo kwenye Settings, anzia hapo kabla hujashusha zile skripti za kusafisha Windows, maana ukiendesha kitu usichokijua kwa ruhusa ya admin umeshakikabidhi funguo za nyumba nzima.

Ingia Settings, Personalization, Start, zima ile inayoanza na "Show recommendations for tips". Halafu rudi System, Notifications, shuka mpaka chini kabisa ufungue "Additional settings", kuna viboksi vitatu, toa tiki vyote. Huku wengi hawafiki, na ndiko inakotoka ile skrini ya asubuhi.

Rudi Personalization, Lock screen, toa Windows spotlight uweke Picture, kisha toa tiki kwenye "fun facts". File Explorer nayo ina yake: bonyeza vidoti vitatu, Options, View, toa tiki "Show sync provider notifications".

Widgets zile za habari na hali ya hewa zima kwenye Personalization, Taskbar. Na kama unatumia hotspot ya simu, fungua mipangilio ya hiyo wifi uwashe "Metered connection", hapo Windows inapunguza kushusha vitu kimyakimya na bando lako linapumua, ila ukipata wifi ya ofisini au ya chuo acha update zishuke, za usalama zile ni muhimu mno.

Apu usizotaka nenda Apps, Installed apps, uninstall moja moja. Usiguse chochote kilichoandikwa Visual C++ au WebView2, programu zako nyingine zinategemea hivyo.

Sasa OneDrive, ile hifadhi ya mafaili ya mtandaoni ya Microsoft, hapa nawaomba msiwe na haraka kabisa. Kama ulikubali backup, basi mafaili yako ya Desktop na Documents yako ndani ya folda ya OneDrive, na mengine unaona jina tu lakini faili lenyewe liko mtandaoni, utayajua kwa kialama cha wingu. Kwa hiyo kwanza bonyeza kulia kwenye folda, chagua "Always keep on this device", subiri mpaka tiki za kijani zitokee kote. Kisha KOPI kila kitu weka kwenye flashi au diski ya D, usihamishe, maana ukihamisha faili kutoka humo linafutika na kule mtandaoni. Fungua mafaili mawili matatu kwenye hiyo kopi uhakikishe yanafunguka. Baada ya hapo ndiyo uingie settings za OneDrive, Manage backup, usimamishe folda zote, halafu Account, "Unlink this PC", mwisho uninstall. Kama una thesis au mahesabu ya biashara humo, usiruke hatua hata moja.

Na update kubwa ya mwaka ikiingia rudi ukague, baadhi ya hivi huwa vinajiwasha tena, hasa vile viboksi vitatu.