Kisima cha mafuta au mvuke kwenye ardhi ya umma: jinsi ya kupeleka maoni NEMA na kuomba kikao

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kano, Nyakach, Menengai au popote upande wetu huu ambaye amesikia kwamba kampuni fulani inataka kutoboa ardhi ya umma ikitafuta mafuta, gesi au mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme, naye hajui aanzie wapi. Si mambo ya kuota. Visima vya mvuke vya Menengai vilianza kuchimbwa 2011, ndani ya kreta iliyo mgongoni mwa mji wa Nakuru. Upande wa Kisumu, eneo la utafutaji mafuta namba 12B liliwahi kuwa mikononi mwa kampuni za Tullow na Swala. Mradi wa aina hii hauanzi bila leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira ikishafika mezani kwao, sheria inawataka waalike maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Kutoa maoni hakuna ada. Huhitaji wakili wala digrii.

Jua siku zimeanza kuhesabiwa lini

NEMA hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka Ijumaa, na pia katika gazeti la kawaida. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka litangazwe redioni vilevile, kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo. Kwa hiyo shangazi yako anayeshinda na Ramogi au Mulembe jikoni anaweza kulisikia kabla yako wewe mwenye simu kubwa. Mwombe akuambie.

Tangazo litakupa mambo manne: mradi ni upi, uko wapi, ripoti inasomwa wapi, na maoni yapelekwe kabla ya siku gani. Mara nyingi muda ni siku 30 tangu tangazo litoke. Sheria yenyewe inaruhusu hadi 60, basi soma, usikisie. Piga picha ukurasa mzima, tarehe ionekane.

Pata ripoti

Nakala huwekwa katika ofisi ya mkurugenzi wa mazingira wa kaunti na katika makao makuu ya NEMA, Popo Road, Nairobi. Nyingi hupandishwa pia kwenye tovuti yao. Ikiwa ni mamia ya kurasa, usiende saiba kuichapisha yote, utafilisika. Chapisha muhtasari. Kanuni zinamtaka mwenye mradi aambatishe muhtasari ulioandikwa kwa lugha isiyo ya kitaalamu, na kama haupo, hiyo tayari ni hoja yako ya kwanza.

Ofisini wakikuzungusha, andika barua ya kuomba habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, na kuiwasilisha hakulipiwi. Utakacholipia ni gharama ya kutoa nakala. Ila angalia mtego: afisa ana siku 21 za kukujibu, nawe una 30 za kutoa maoni. Ukingoja jibu ndipo uanze kuandika, utajikuta na wiki moja tu mkononi. Peleka barua leo, kesho yake nenda mwenyewe ukaombe kuisoma palepale, na daftari lako.

Soma kuanzia nyuma

Huu ni ushauri wangu, si wa sheria. Kurasa za mbele huwa na picha za milima na historia ya kampuni. Fungua viambatisho kwanza, utafute orodha ya waliohudhuria mikutano. Kanuni zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika wakati utafiti unafanywa. Ilifanyika wapi? Siku ya soko? Kijiji chako kimo?

Hapa nina kidonda changu. Wakati mmoja niliitwa kwenye mkutano shuleni, tukaonyeshwa picha ukutani, tukapewa soda na mkate, tukaambiwa tutie sahihi ili turudishiwe nauli. Miezi baadaye nilizikuta sahihi zetu ndani ya ripoti chini ya kichwa kinachosema wenyeji wameunga mkono mradi. Tangu siku hiyo, nikitia sahihi kwenye orodha yoyote naandika pembeni: "nimehudhuria tu". Fanya hivyo.

Kisha nenda kwenye jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira. Kila athari inapaswa kuwa na hatua ya kuizuia, mtu anayewajibika na gharama. Safu ya gharama ikiwa tupu, au ikisema tu "mwenye mradi", weka alama. Angalia maji ya kuchimbia yatatoka wapi na kiasi gani, matope ya kuchimbia yatamwagwa wapi, gesi itachomwa au itafanywaje, na kisima kitazibwaje kikikosa kitu. Kwa visima vya mvuke, tafuta panapozungumzia gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, na jinsi itakavyopimwa karibu na makazi.

Ardhi nayo. Msitu wa serikali, ziwa na mto ni ardhi ya umma chini ya kifungu cha 62 cha Katiba. Kama kisima kitakuwa msituni, ripoti ionyeshe idhini ya shirika la misitu, KFS. Angalia pia kama mtaalamu aliyeongoza utafiti ana leseni ya NEMA ya mwaka huo, maana leseni hizo ni za kila mwaka.

Andika

Watu wengi hudhani nguvu iko kwenye wingi wa sahihi. Sikubaliani. Barua ya sahihi mia tatu isemayo "hatutaki" hujibiwa kwa sentensi moja: wananchi waelimishwe zaidi. Barua ya mtu mmoja inayotaja ukurasa, ikauliza swali na kudai sharti, ni vigumu kuipita bila jibu. Mfano, tuseme mradi umeletwa Kano:

"KUH: MAONI KUHUSU RIPOTI YA TATHMINI, MRADI WA …

Mimi ni mkulima wa mpunga. Shamba langu liko kama kilomita mbili kutoka mahali pa kuchimba.

Ukurasa wa 84 unasema matope ya kuchimbia yatawekwa kwenye shimo lililozungushiwa ua. Sikuona popote mafuriko ya Mto Nyando yakitajwa, ilhali mahali hapo hufunikwa na maji mvua ya masika ikizidi. Ua hauzuii maji. Naomba leseni isitolewe hadi mwenye mradi aonyeshe kimo cha mafuriko mahali hapo na kimo cha kingo za shimo. Leseni ikitolewa, naomba iwe na sharti kwamba matope yawekwe kwenye matangi ya chuma na yaondolewe kabla ya mvua.

Naomba pia NEMA iitishe kikao cha hadhara karibu na wakazi, kiendeshwe kwa Kijaluo na Kiswahili, kwa sababu wengi wetu hatukuarifiwa kuhusu mikutano ya awali."

Hoja mbili au tatu za namna hiyo zinatosha. Mambo ya kazi za vijana na mgao wa mapato yapeleke kwingine. Ni kweli Sheria ya Petroli ya 2019 imeitengea kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali na jamii ya eneo asilimia 5, lakini NEMA haigawi hela, na ukianza na hizo watakuona umekubali mradi na unapatana bei.

Asiyejua kuandika asiachwe nje, kwani tangazo hukubali maoni ya mdomo pia. Msindikize nyanya mpaka ofisi ya kaunti, aseme, na afisa aandike mbele yenu.

Peleka, ugongewe muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja waache nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Ukituma pia kwa barua pepe iliyo kwenye tangazo, ni vizuri zaidi. Usimpe chifu akupelekee, hata akiwa mtu mwema. Barua inayopitia mikono mitatu haina tarehe.

Kikao

NEMA ikikubali kuitisha kikao, siku na mahali vitangazwe angalau wiki moja mbele. Mwenyekiti huteuliwa na NEMA, na mwenye mradi hupewa nafasi ya kujibu. Wanasiasa watakula nusu ya muda, hilo jizoeshe. Wewe simama, soma barua yako iliyopigwa muhuri, omba iingizwe kwenye kumbukumbu, ukae. Mpeni mmoja wenu kazi ya kuandika kila ahadi ya kampuni na jina la aliyeitoa.

Wakitoa leseni

Omba nakala ya leseni pamoja na masharti yake, uone kama hoja yako ilijibiwa. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa jopo la mazingira liitwalo NET, ndani ya siku 60. Jopo hilo ndilo lililofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu mnamo Juni 2019, na kasoro kubwa mojawapo ilikuwa jinsi umma ulivyoshirikishwa. Usiporidhika na uamuzi wa jopo, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mtakachohitaji wakati huo ni picha ya tangazo, nakala yenye muhuri na daftari la kikao. Viwekeni kwa mtu asiyehamahama nyumba.