Umekosa pointi za MD (digrii ya udaktari)? Toa kwanza cheti cha fomu foo

Matokeo ya fomu siksi yametoka, PCB yako (Fizikia, Kemia, Baiolojia) imekaa D moja na E mbili, na mjomba ashapiga simu kuuliza "vipi daktari wetu". Kabla hujakimbilia chuo chochote, chukua cheti cha fomu foo ukisome vizuri, maana hapo ulipo hicho ndo chenye kazi kuliko cha siksi.

Hesabu yenyewe iko hivi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. MD inataka prinsipo tatu (pasi za A mpaka E) za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue 6, yani D tatu. Na hiyo ni ya kuruhusiwa kuomba tu, ukipeleka D tatu MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, ushindani utakurudisha nyumbani mapema sana.

Kama umekosa padogo, rudia mtihani wa siksi kama PC, yani mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Mei ila usajili wa NECTA (baraza la mitihani la Tanzania) unafungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo usikae ukinuna mpaka Krismasi. Halafu PC wa sayansi wengine hawaangushwi na nadharia, wanaangushwa na praktiko, so ukitafuta kituo cha kujisajili uliza maabara kwanza, ada baadaye.

Njia ninayoiamini mimi ni diploma ya utabibu, ile ya ma-CO (matabibu). Miaka 3, unaingia kwa cheti cha fomu foo chenye pasi nne, ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia, masomo ya dini hayahesabiwi. Hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Ukimaliza na wastani wa B unaomba MD kwa sifa linganishi, yani kwa diploma badala ya cheti cha siksi, na huku una leseni ya kazi mkononi hata ukiamua kupumzika kidogo utafute hela. HESLB (bodi ya mikopo) nao tangu 2023/24 wanakopesha diploma, za afya zimo.

Sasa mtego uko hapa na watu wanaingia kila mwaka: diploma watakupokea hata Hesabu una F, ila siku ya kuomba MD wanataka D ya Hesabu na Kiingereza ya fomu foo, pamoja na yale matatu ya sayansi. Mtu ana GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri, keshatibu watu dispensari, anakwama kwa Hesabu ya olevo! Kama una F hiyo, irudie Novemba ukiwa bado mwaka wa kwanza, usisubiri umalize. Na GPA usiizembee mapema, kuipandisha baadaye ni shughuli.

Faundesheni (kozi ya maandalizi ya kuingia digrii) ya Chuo Kikuu Huria nayo inatajwa sana mtaani, ni halali, ila fungua gaidibuku (kitabu cha sifa za kujiunga) ya TCU, tume ya vyuo vikuu, ya mwaka huo uone kama MD ya chuo unachotaka inaitambua kabla hujalipa hata shilingi.

Nje ya nchi je? Mawakala watakwambia China wanachukua hata E. Sawa, ila utarudi, na TCU pamoja na Baraza la Madaktari watataka kujua uliingiaje. Omba NOC (cheti cha kutokuwa na pingamizi) ya TCU kabla ya kusafiri, na wakala akikwambia haina haja, dai pasipoti yako uondoke.