Chembe za bluu kwenye transfoma

Kwa wenye transfoma zao hapa Moshi, iwe ni kiwanda cha kukoboa kahawa au hoteli, masika yakikaribia tazameni kichupa kinachoning'inia kando ya tangi la mafuta. Mzigo wa umeme ukipanda, mafuta hupata joto na kutanuka. Yakipoa usiku husinyaa na kuvuta hewa ya nje kupitia kichupa hicho, ambamo chembe za silika hunyonya unyevu. Chembe za bluu zikigeuka waridi zimeshiba maji na zinapaswa kubadilishwa, kwa kuwa mafuta yaliyoingiwa na unyevu, hata kidogo, hupungukiwa na uwezo wa kuhami koili zinazopokea volti 11,000 au 33,000. Kazi yenyewe aifanye fundi mwenye leseni, umeme ukiwa umezimwa. Nyinyi tazameni mkiwa nje ya uzio.