Kuriwaindi mota ya kigari cha sloti cha zamani na kukiundia chesisi, kwa vifaa vya Moshi

Mimi kazi yangu ni kuriwaindi (kufunga upya waya wa mota) pampu za maji na grinda, kibanda changu kiko upande wa Mbuyuni. Mwezi uliopita akaja mzee mmoja wa Shanty Town na boksi la viatu limefungwa kamba ya katani, nikajua ni mota ya blenda tena. Kufungua nakuta vigari vitatu vya mashindano, vidogo kama kiganja, vya miaka ya 60. Mzee alivinunua akiwa anasoma Uingereza. "Kijana, hiki chekundu kilikuwa kinakimbia mpaka macho yanashindwa kukifuata, sasa kinanguruma tu." Nikamwambia mzee, niachie.

Kwa asiyejua, kigari cha sloti kina kipande cha plastiki chini ya pua kinachoingia kwenye mfereji wa bodi (ile njia ya mashindano), pembeni ya mfereji kuna mikanda miwili ya shaba yenye volti 12, kigari kinakula umeme hapo kupitia misuko miwili ya waya. Dereva hapindi kona, anacheza na mwendo tu. Fred Francis ndiye aliyeutoa mchezo huu Uingereza mwaka 1957 kwa jina la Scalextric, halafu miaka ya 60 Wamarekani wakaupokea kwa fujo, na mota nyingi walizokuwa wanachezea zilikuwa za Mjapani, Mabuchi. Hiki chekundu kina Mabuchi FT-16D. Ile kubwa zaidi inaitwa FT-36D, kazi ni ileile.

Tangu nikiweke WhatsApp kikikimbia vijana wa Arusha hawanipi usingizi wakiuliza nilifanyaje, kwa hiyo naandika mara moja. Kama una haraka ruka hatua zote usome ya tano, ndiyo iliyonikesha siku mbili.

Vifaa: pasi ya kulehemu ya wati 60 (za 25 za mafundi redio zitakutesa kwenye chesisi), multimita, maikromita, nyembe mbili mpya, msasa laini, epoksi ya kukauka taratibu, betri ya volti 12 na balbu moja ya indiketa ya bodaboda. Hiyo balbu usiicheke, tutafika.

1. Fungua

Kunjua vimasikio vya kopo (ganda la mota), toa kaboni zinazopeleka umeme ndani na spring zake kwanza, ndipo uvute kofia. Sumaku ukiweza usizitoe kabisa. Ukilazimika, chora kwa maka pen ipi ilikuwa wapi na uso upi ulikuwa ndani, maana ukigeuza moja mota haizunguki na ukigeuza zote mbili inazunguka kinyume. Zikiwa nje zibandike kwenye spana au chuma chochote, sumaku za umri ule zikikaa wazi mezani zinapoteza nguvu.

2. Toa waya wa zamani

Hesabu mizunguko na uandike ilifungwa kuelekea wapi. Kata, vuta, safisha. Halafu angalia pembe za chuma cha amecha (kiini kinachozunguka), pale waya unapokunja kona. Ukiona chuma cheupe pakaze epoksi nyembamba, acha ilale mpaka kesho. Waya ukigusa chuma hapo umepoteza siku.

3. Waya gani

Siri ya kuipa mota mbio ni waya mnene zaidi na mizunguko michache zaidi. Kiwandani walifunga waya mwembamba mizunguko mingi ili ile umeme kidogo na isiungue mikononi mwa watoto. Wazee wa mchezo wakawa wanang'oa na kufunga upya, na kipimo ambacho mpaka leo kinatumika kwenye daraja moja la mashindano ni mizunguko 50 ya geji 29. Hicho nilikichagua.

Sasa mtego. Geji 29 hiyo ni ya Kimarekani, AWG, kipenyo chake milimita 0.286. Ukienda duka la waya wa koili hapa mjini ukasema nipe geji 29 utapewa ya Kiingereza, SWG, ambayo ni milimita 0.345. Mizunguko 50 ya huo haitaingia kwenye nafasi, na hata ukiilazimisha itakula umeme kama pasi. Unachotaka dukani ni SWG 31 au 32. Mimi niliweka 32, kama 0.27. Pima mwenyewe kwa maikromita, na kumbuka enameli, ile rangi ya kuhami umeme juu ya waya, inaongeza kama 0.03 hivi, usije ukagombana na muuzaji bure.

4. Funga

Koili tatu, mizunguko sawasawa, zote mwelekeo mmoja, waya umelala umekaza. Hapa sina la kukufundisha, kama ushafunga amecha ya grinda hii ni mtoto wake. Mwisho wa koili ya kwanza na mwanzo wa ya pili wanakutana tagi moja ya komyuteta (vile vipande vya shaba kwenye shafti vinavyoguswa na kaboni), hivyohivyo mpaka pembetatu inafunga: tagi tatu, kila moja nyaya mbili.

5. Tagi za komyuteta (tulia hapa)

Nilifunga vizuri, nikachomea nyaya kwenye tagi kwa risasi, zikang'aa kama kiatu cha harusi. Nikarudisha mota, nikatia umeme. Inazunguka, lakini kinyonge, ikisimama mahali fulani haiondoki mpaka uisukume kwa kidole, na kwenye komyuteta cheche kama za kuchomelea geti. Nikasema kaboni, nikabadilisha kaboni. Nikasema spring. Nikasema sumaku zimekufa. Saa nane usiku nikang'oa koili zote tatu nikafunga upya, kesho yake tatizo lilelile. Mke wangu akaniuliza huyu mzee anakulipa shilingi ngapi, sikujibu.

Kumbe ni enameli. Waya wa kuriwaindi pampu unaouzwa huku kwetu ni wa kuvumilia joto kali, enameli yake haiyeyuki kwa pasi ya kulehemu hata ukeshe. Kuna aina nyingine, ile ya kwenye transfoma ndogo za redio, ukigusa na pasi inaungua yenyewe na risasi inashika. Huu wetu hapana. Risasi inauzunguka waya, inang'aa, ukivuta hautoki, wewe unajua umeshika, ndani kumbe enameli bado ipo na umeme haupiti. Kwenye pampu huwa nakwangua kwa kisu bila hata kufikiri kwa sababu waya ni mnene, huu kwa uembamba wake nikaona pasi itamaliza. Uvivu wangu ndio ulionigharimu.

Kwa hiyo kwangua. Usitumie kisu, kisu kinakata jeraha kwenye waya mwembamba na kesho unakatika hapohapo. Kunja kipande kidogo cha msasa wa 400, bana ncha ya waya katikati, vuta huku unazungusha, mara nne tano, mpaka rangi nyekundu ya shaba itokee pande zote, hata upande wa chini usiouona. Watu wengine wanachoma kwa kiberiti kwanza halafu ndiyo wanasugua. Mimi siipendi hiyo, shaba inalegea na kuwa nyeusi. Ukimaliza paka risasi ncha yenyewe kabla hujaigusisha kwenye tagi. Risasi ikikimbia na kutandaa kwenye waya, umepona. Ikijikusanya kama tone la maji kwenye jani la mgomba, rudi kwenye msasa.

Flaksi, ile dawa ya kufanya risasi ishike, tumia ya rozini tu. Ile asidi ya mafundi bati isisogee karibu na amecha, itakula shaba taratibu na utakuja kunilaumu baada ya wiki mbili. Na usiache pasi muda mrefu, plastiki ya komyuteta ya zamani ikilainika vipande vinacheza na hiyo ndiyo kwaheri, spea yake hupati soko la Kiboriloni hapa wala Kilombero la Arusha.

Halafu pima kabla ya kurudisha. Multimita kwenye omu haikusaidii, koili hizi ziko chini ya omu moja, waya za mita zenyewe zinakudanganya. Fanya hivi: betri ya volti 12, tia balbu ya indiketa ya wati 10 kwenye njia, umeme upite kwenye balbu halafu uingie kipande kimoja cha komyuteta na kutokea kingine. Balbu itawaka na itazuia umeme usizidi kama ampia 0.8. Sasa weka mita kwenye milivolti, gusa vipande hivyohivyo viwili, andika. Fanya kwa jozi zote tatu.

Zikilingana, amecha ni nzima. Yangu mwishoni ilisoma 268, 265, 267. Jozi moja ikisoma mara mbili ya nyingine mbili, koili iliyo kati ya vipande hivyo haijaunga: waya umekatika au enameli haijatoka. Yangu ile ya kukesha ilisoma 400, 400 na 790, yaani jibu lilikuwa mezani muda wote ningepima tu. Jozi moja ikiwa chini kuliko wenzake, koili hiyo ina mizunguko iliyogusana, au umekosea kuhesabu. Mwisho ondoa balbu, weka mita kwenye omu kubwa kabisa, gusa komyuteta na shafti: isisome chochote. Ikisoma, waya umegusa chuma, rudi hatua ya 2 na pole sana.

Ukishapita hapo, paka epoksi kidogo juu ya nyaya zinazoelekea kwenye tagi. Mota ikichemka kwa kasi risasi inalainika na kurushwa nje, hiyo epoksi ndiyo inayoshikilia nyaya zisiparamie kopo.

6. Gundi na balansi

Koili zote zipate epoksi ya kukauka taratibu, ile ya dakika tano inalainika ikipata joto. Pasha amecha kidogo juani, gundi iingie ndani. Ikikauka, simamisha nyembe mbili sambamba kwenye kipande cha mbao, hakikisha kwa pima maji ziko sawa, laza shafti juu yake. Upande mzito utashuka chini. Toboa kidogo chuma cha upande huo, kidogo sana, rudia mpaka ikae popote unapoiacha. Inachosha kama kupembua mchele wenye mawe, lakini bila hivyo mota inatetemeka na bushi zinaisha.

Komyuteta isugue kwa msasa wa 1000 huku unazungusha, safisha mifereji kati ya vipande kwa kijiti cha meno.

7. Sumaku

Kata bati la kopo la maziwa ya unga, liingize nyuma ya kila sumaku ili sumaku isogee karibu na amecha. Ibaki nafasi ya karatasi mbili tatu, isiguse. Nguvu ya kuondoka na breki inaongezeka, mwendo wa juu unapungua kidogo. Bodi ya mzee ina kona nyingi, kwangu ni biashara nzuri.

8. Chesisi

Chesisi ya plastiki ya mwanzo haiwezi mota hii, itajikunja. Vitabu vya wenzetu vinasema waya wa piano na fimbo za brasi. Waya wa piano Moshi utautoa wapi? Mimi nimetumia spoki za baiskeli za milimita 2, na fimbo za brazi wanazochomelea mafundi friji. Zinapatikana duka lolote la vifaa vya welding, zimenyooka na zinashika risasi vizuri. Kuna jamaa alinishauri aluminiamu eti ni nyepesi. Hiyo kamwe, haishiki risasi, na sisi tunataka uzito ukae chini karibu na bodi.

Pigilia misumari kwenye ubao kufuata mchoro, bana fimbo katikati yake ili zisicheze wakati unachomea. Hapa sasa asidi ya fundi bati ruksa, ila mota iwe chumba kingine kabisa, na ukimaliza osha kwa maji na baking soda. Mota ilale chini iwezekanavyo, shafti ielekee nyuma. Mbele usikaze kipande cha kuongozea moja kwa moja: kiweke kwenye mkono wenye bawaba unaocheza juu na chini kama milimita 1, hivyo pua inabaki kwenye mfereji hata nyuma ikirukaruka. Chini ya chesisi acha milimita 1.5. Gia nimeweka meno 9 kwa 32. Uzito, omba kwa fundi tairi vile vya balansi vya risasi (vingi siku hizi ni vya zinki, chukua laini unayoikwaruza kwa kucha), gundisha chini pembeni, nawa mikono kabla ya kula.

9. Kuwasha

Weka fyuzi kwenye bodi, ya ampia 10 inatosha. Mota hii ikikwama inavuta umeme wa kutisha.

Kaboni mpya zianze na volti 3, bila mzigo, kama dakika ishirini, mpaka zichukue mviringo wa komyuteta. Kuna watu wanatumbukiza mota kwenye glasi ya maji ikiwa inazunguka eti kaboni zinakaa haraka. Zinakaa, ni kweli, na kutu nayo inakaa. Baada ya hapo tone moja la mafuta ya cherehani kila bushi, kwa ncha ya sindano, na pangusa linalobaki maana likifika kwenye komyuteta unaanza kusafisha upya.

Cha mzee kilitoka kwenye kona ya kwanza, kikaruka meza, kikapiga friji. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akasema nivifanye na hivyo viwili.