Kupima kichocheo cha rutheniamu katika betri ya lithiamu na kaboni dioksaidi

Betri hii inapotoa umeme, lithiamu hukutana na gesi ya kaboni dioksaidi kwenye kathodi (ncha chanya ya betri): 4Li + 3CO2 → 2Li2CO3 + C. Kazi ngumu ni kuichaji. Kaboneti ya lithiamu (Li2CO3) haipitishi umeme vizuri, hivyo bila kichocheo volteji hupanda kupita volti 4.2 na elektroliti (kimiminika kinachobeba ioni) huanza kuoza. Rutheniamu huishusha hadi karibu 4.0.

Hatua ya 1: kichocheo. Tawanya miligramu 90 za mirija-nano ya kaboni katika mililita 60 za ethilini glaikoli, ongeza miligramu 25 za rutheniamu kloraidi yenye maji (takriban 40% ni rutheniamu). Pasha nyuzi 170 kwa saa 3 ukikoroga, chuja, osha, kausha. Kimiminika kikichujwa kikiwa bado na rangi nzito, chumvi haijageuka metali yote.

Hatua ya 2: kathodi. Changanya sehemu 9 za unga huo na 1 ya PVDF (plastiki ya kugandishia) iliyoyeyushwa katika NMP (kiyeyushi). Paka miligramu 0.4 za unga kwa kila sentimita ya mraba ya karatasi ya kaboni, kata duara za milimita 12, kausha katika ombwe kwa nyuzi 110 usiku kucha. Ukipaka nene, gesi haipenyi. Tengeneza pia kathodi isiyo na rutheniamu. Bila hiyo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: kuunganisha. Fanyia ndani ya agoni (gesi isiyochangamana na lithiamu) yenye maji na oksijeni chini ya ppm 1 (sehemu moja kwa milioni). Panga lithiamu, kitenganishi cha nyuzi za kioo, mikrolita 100 za elektroliti (chumvi ya lithiamu LiTFSI, moli 1 kwa lita ya kiyeyushi tetraglaimu), kisha kathodi ikielekea kifuniko chenye matundu. Jaza kaboni dioksaidi kavu ya 99.999%, subiri saa 6. Lithiamu ikiwaka, usitumie maji wala kizimamoto cha kaboni dioksaidi. Tumia cha daraja D, cha kuzimia metali.

Hatua ya 4: kupima. Duara lina miligramu 0.45 za unga, kwa hiyo mkondo wa miliampia (mA) 100 kwa gramu ni mA 0.045. Toa umeme saa 5, usishuke chini ya volti 2.0, chaji kwa muda uleule, usipite 4.5. Rudia ndani ya agoni tupu: ikitoa umeme mwingi vilevile, kuna kitu kingine kinachotoa umeme huo, si kaboni dioksaidi.

Hatua ya 5: hesabu gesi inayotoka wakati wa kuchaji kwa spektromita ya masi (kifaa kinachotambua gesi kwa uzito wa molekuli zake). Usiiruke hatua hii, maana volteji ndogo peke yake haithibitishi kitu. Chaji ya saa 5 katika hatua ya 4 ni mikromoli 8.4 za elektroni. Kaboneti na kaboni zikiondoka pamoja, utapata mikromoli 6.3 za kaboni dioksaidi. Ukipata karibu 4.2, kaboneti inaoza peke yake, na kaboni inayobaki itaziba vitundu vya kathodi mzunguko baada ya mzunguko.